Mvua Huanza Baada ya Saa Tisa

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimeiona! Saa moja asubuhi nimefungua mlango wa jikoni na nyasi zote za nyuma ya nyumba ni nyeupe. Nilidhani mtu amemwaga unga. Nikatoka na malapa, nikakanyaga — kra, kra, kra. Sakitu, umande ulioganda. Miaka kumi na saba nimefundisha jiografia kule Meru, nikieleza sakitu kwa chaki ubaoni, na sikuwahi kuigusa hata siku moja. Leo imeniuma vidole vya miguu.

Nikamwita Kip. Akachungulia dirishani, mswaki mdomoni. Akasema ndiyo hiyo huunguza majani chai kwao Kericho, na nifunge mlango, baridi inaingia. Mume wangu mtu wa benki. Amekua na maajabu mlangoni, hana habari nayo.

Saa tatu jua lilikuwa limeilamba yote. Ilibaki kwenye kivuli cha ukuta tu, mstari mweupe ulionyooka kama umepigwa rula.

Daftari hili nilinunua la kuandikia rasimu za barua za usajili wa ualimu. Barua zimeshaenda. Sasa nangoja. Basi nitaandika hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo pekee inayonishughulikia hapa Midrand, huku kusini kabisa mwa bara letu.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya hamsini na mbili tangu tushuke ndege, na sijaona wingu. Sisemi mawingu machache — hakuna! Kwetu Julai ni ukungu na sweta zisizokauka. Hapa nimeanika shati za Kip saa nne, saa tano zimesimama kavu kama mbao. Midomo imepasuka. Nywele zinalia zikichanwa. Jioni nimempokea Kip mlangoni, nikamshika mkono, cheche ikaruka kati yetu — pa! — wote tukashtuka. Akasema basi ndoa bado ina moto.

Anga ya hapa ni ya bluu ambayo siwezi kuieleza. Ukiitazama sana unajisikia mwepesi. Tuko juu, karibu mita elfu moja na mia sita, na kiangazi chao kinakuja na baridi badala ya joto. Nilikuwa nawafundisha hivyo wanafunzi, wakawa wanakariri, na mimi pia nilikuwa nakariri tu, kumbe.

Jumapili, 17 Agosti

Upepo! Wiki nzima. Umebeba vumbi la njano la yale marundo ya migodi ya zamani, umebeba majivu ya nyasi zilizoungua, umebeba kofia ya mama mmoja kanisani hadi barabarani.

Kanisa letu la Waswahili ni hema, kwenye uwanja wa shule. Sisi Wakenya tunakuja na magari kutoka karibu, Wakongo wanatoka mjini, Joubert Park, na teksi mbili. Leo hema lilikuwa linapumua kama mnyama. Mchungaji Emery alihubiri kwa kupiga kelele. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, na badala ya kusikiliza nilimtazama mzee mmoja mwembamba aliyekuwa nje, anatembea kutoka kamba hadi kamba. Anaweka kiganja kwenye kila kamba, anasikiliza, anaikaza kidogo, anaenda nyingine. Hakukimbia hata mara moja.

Baada ya ibada nikamfuata. Anaitwa Papa Octave, fundi wa kushona mahema, mtu wa Bukavu. Nikamwuliza haogopi hema litaruka? Akanijibu kwa kile Kiswahili chao kinachonifurahisha:

"Mama, upepo haina ugomvi na hema. Iko na ugomvi na kamba yenye kulegea."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa jiografia. Akavua kofia! Akasema basi Mungu amemletea mtu wa kuuliza.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo Kip amenipeleka Joubert Park kwa Papa Octave. Gari tuliliacha karibu na stesheni, tukapanda ghorofa ya kwanza. Chumba kikubwa, mashine mbili, na turubai jeupe limejaa sakafuni hadi unavua viatu kupita. Ni hema la harusi ya binti yake, Héritière, msusi, anaolewa Novemba na Sidney wetu, yule kijana wa Kisumu wa mambo ya kompyuta. Papa Octave analishona tangu mwezi wa sita, usiku na Jumapili jioni, baada ya kazi za watu. Kila mshono mara mbili. Kwenye ukingo wote ameshona maua madogo ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Huyaoni mpaka uinamie.

Mkewe, Mama Clémentine, alitutilia chai akasema: "Hii mwanaume alinioa bila hema. Sasa anajilipizia."

Papa Octave alicheka mpaka akatoa sindano mdomoni. Halafu akaniuliza, polepole, kama mtu anayemuuliza daktari: Novemba mvua inanyesha saa ngapi hapa? Yeye ana miaka kumi na minne huku, na anajua mvua ni ya alasiri, ila alasiri ni ndefu. Nikamwambia bado sijaona hata tone. Ngoja msimu uanze, nitaandika kila mvua na saa yake.

Nimerudi nyumbani nimenyooka mgongo. Miezi mitatu sasa hakuna mtu aliyeniuliza swali la kazi yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imekuja! IMEKUJA!

Asubuhi joto la kavu. Saa nane kijiwingu kimoja upande wa magharibi, kama pamba ya sikio. Saa nane na nusu kimekuwa mlima. Sisemi kwa mfano — mlima wenye mabega na mabonde, unakua huku unautazama, na kichwa chake kinatandazika juu kama fuawe ya mhunzi. Nilitoa kiti nje. Jirani, mama wa Kizulu, alipita na mbwa akaniambia niingie ndani. Nikasema ndiyo, ndiyo, nikabaki.

Ngurumo ya kwanza sikuisikia kwa masikio. Niliisikia kwa kiti.

Saa tisa na dakika arobaini tone la kwanza. Kubwa kama sarafu, kwenye vumbi. Halafu harufu! Miezi minne ya vumbi ikapumua mara moja. Halafu umeme — si ile radi ya kwetu ya kuja na kupita. Hapa unatembea kwa miguu juu ya nyumba, mguu huu Centurion, mguu huu Kyalami. Halafu maji, ukuta wa maji. Dakika thelathini na tano. Halafu jua! Kila kitu kinang'aa, ndege wanapiga kelele, barabara inafuka moshi.

Nililia. Sijui kwa nini. Kip amerudi amenikuta nimelowa, nikamwambia ni mvua.

Jumanne, 28 Oktoba

Jakaranda zimechanua. Barabara ya kwenda dukani imekuwa handaki la zambarau, juu maua, chini maua. Kip mwenyewe alisimama kwenye robot, wanavyoziita taa za barabarani, ikawa kijani na hakuondoka. Wakampigia honi.

Mvua kumi na moja sasa. Nimezipanga kwenye ukurasa wa nyuma. Ya mapema zaidi: saa tisa na dakika kumi. Nyingi ni saa kumi. Ni saa ya ajabu kabisa, asubuhi safi, mchana wingu linapikwa, saa kumi linapakuliwa, saa kumi na moja watu wanakunja miavuli na kuchoma nyama.

Papa Octave amepiga simu. Anataka saa ya harusi, kadi zinachapishwa. Nikamwambia kwa sauti ya darasani: mvua hapa huanza baada ya saa tisa. Anzeni saa tano, saa nane watu wamekula, saa nane na nusu unakunja hema lako likiwa kavu.

Akasema: "Mwalimu amesema."

Nilikaa na maneno hayo mawili siku nzima, kama mtoto aliyepewa nyota.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua kumi na tisa. Zote baada ya saa tisa. Kesho harusi. Nimepiga pasi kitenge. Asubuhi itakuwa safi, nina hakika.

Joto la leo lilikuwa zito kidogo.

Jumamosi, 22 Novemba

Saa kumi na moja jioni. Tumerudi. Nataka kuandika kabla sijaanza kujitetea.

Hema, pale pale uwanja wa shule tunaposalia, lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichokiona kimeshonwa. Jua likipita kwenye turubai jeupe, watu wote chini yake walikuwa na nuru usoni. Watu mia moja na themanini. Papa Octave kwenye suti ya kijivu, anagusa nguzo akipita, kidogo tu, kwa vidole.

Bila shaka tulichelewa. Bibi harusi alifika saa sita na dakika ishirini. Sikujali, nilikuwa na karibu saa tatu kibindoni.

Saa saba kasoro robo upepo ulikufa. Nilikuwa nimekaa pembeni, upande wa kusini-magharibi, na nje ya hema nikaona kichwa cha wingu nyuma ya maghorofa. Kimeshatandazika. Nikajiambia: linaenda Pretoria. Nikajiambia: ni saa saba tu. Nikajiambia: kumi na tisa, zote baada ya saa tisa. Niliketi dakika kumi nzima nikibishana na wingu. Hilo naliandika kwa sababu hakuna mtu mwingine anayelijua. Dakika kumi.

Halafu tumbo la wingu likawa kijani. Kijani cha chupa ya zamani. Hadeda wote wa uwanjani wakaruka kwa pamoja, wakaenda mashariki, kimya. Wale ndege hawanyamazagi kamwe.

Nikasimama. Nikapita katikati ya watu nimeinama, nikachuchumaa kwenye kiti cha Papa Octave mstari wa mbele.

"Papa Octave, kuna mvua ya mawe inakuja. Kubwa."

Hakugeuza kichwa. "Ulisema saa tisa."

"Nilisema. Nimekosea."

Hapo aligeuka. Alinitazama usoni, si kwa hasira. Kama anavyotazama mshono. Akainuka akatoka, akaenda kamba ya kusini-magharibi, akaweka kiganja. Akatazama wingu. Akatazama juu, hema lake, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akarudi, na alipofika katikati ya viti Mchungaji Emery alikuwa anasema yale maneno, kama kuna mtu yeyote mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa.

"Mimi iko na sababu," alisema Papa Octave. "Iko kule inje."

Kanisa zima likavuta pumzi! Uso wa Héritière! Sidney alipauka kama karatasi. Mama Clémentine alisimama: "Octave, umerukwa na akili?" Yeye akamshika binti yake bega, akamwonyesha nje kwa kidole. Ngurumo ikajibu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji maelezo.

Ukumbi wa shule ulikuwa umefungwa, mitihani ya matric, ya kumaliza sekondari, inaendelea. Mlinzi alisimama mlangoni na funguo zake, mzee wa makamo. Akasema, "Eish, mama, ni exam!" Madawati yamepangwa, yana namba, hakuna mtu wa kuingia. Nikamwambia tazama juu. Akatazama juu. Akafungua.

Watu mia moja na themanini kwa dakika sita au saba. Nyanya yake Sidney alibebwa pamoja na kiti chake. Kip alibeba watoto wawili wasio wake. Mimi nilisimama mlangoni nikihesabu vichwa kama safari ya shule.

Papa Octave hakuja. Alibaki na vijana sita kulishusha hema, kwani likiachwa limesimama upepo utalibeba na nguzo zake hadi kwenye madirisha ya ukumbi. Alitoa kamba moja moja, kwa mpangilio, bila kukimbia. Hema likashuka taratibu kama mtu anayepiga magoti. Vijana wakakimbia. Yeye akarudi kufungua kamba ya mwisho. Mama Clémentine alikuwa kando yangu akipiga kelele jina lake, na jiwe la kwanza likaanguka kwenye saruji mbele yetu likapasuka.

Alifika mlangoni damu inatoka juu ya sikio. Suti imelowa. Akamwambia mkewe: "Minakuja, minakuja, usiite namna ile mbele ya wakwe."

Halafu — sina neno. Bati la ukumbi lilikuwa kama lori la kokoto linamwagwa na halimaliziki. Hungeweza kusikia sauti yako mwenyewe. Mawe ya saizi ya ndimu, mengine kama yai. Yanadunda kwenye nyasi hadi juu ya magoti. Nje kulikuwa kweupe, kweupe! Nilisimama dirishani na aibu yangu yote, na Mungu anisamehe, nilikuwa naona ni kitu kizuri kupita kiasi.

Watu walikuwa wamekaa kwenye madawati ya mitihani, wawili wawili, na vitenge na kofia za harusi. Héritière alikaa namba 41, Sidney 42. Mchungaji Emery akatazama saa, akatazama bati, akawaita mbele. Akafunga ndoa bila sauti! Tuliona midomo yake inakwenda. Tuliona Sidney anasema kitu kirefu. Tukaona Héritière anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na machozi na kicheko. Watu wakapiga makofi, na makofi pia hayakusikika.

Ilidumu dakika kumi na nane. Kisha kimya, na jua.

Tukatoka kama watu wanaotoka safinani. Baridi ya Julai, katikati ya Novemba, na ukungu unapanda kutoka kwenye mawe. Harufu ya majani yaliyokatwakatwa. Kioo cha gari letu kimekuwa utando wa buibui. Kip, ambaye tangu Oktoba ananiambia mvua ya mawe wao Kericho huioga kila wiki, aliokota moja akaipima kiganjani muda mrefu. "Hii si yetu," akasema.

Hema lilikuwa chini, limetobolewa kama chekeche. Pembe moja imeraruka kabisa.

Papa Octave alilizunguka. Halafu akachuchumaa, akaokota jiwe kubwa, akatoa ule mkasi mkubwa wa turubai kwenye koti — alikuja na mkasi harusini! — akalipasua. Akaniita. Ndani kulikuwa na duara ndani ya duara, nyeupe, angavu, nyeupe, angavu. Najua kwa nini. Nimelichora hilo mara mia: linashuka, linarushwa tena juu, kila safari linavaa barafu mpya. 

"Angalia, mwalimu," alisema. "Inavaa nguo juu ya nguo. Fundi wa huko juu hakukimbiza kazi."

Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 23 Novemba

Sikuenda kanisani. Nimemwambia Kip naumwa kichwa. Anga safi kabisa, kama haikufanya kitu.

Saa tisa alasiri simu ya Papa Octave. Sikupokea.

Jumatano, 26 Novemba

Kip hakunisema. Leo asubuhi aliweka tu funguo za gari mbele ya chai yangu, akasema ofisini amepata lifti.

Nikaenda Joubert Park peke yangu, naendesha kama niko mtihanini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Kwamba kumi na tisa si kitu. Kwamba mwalimu yeyote mwenye akili angejua kuwa mvua kumi na tisa za mwanzo wa msimu hazitoshi kumwekea mtu saa ya harusi. Kwamba nilijua. Nilijua, lakini alivua kofia, nami nikapenda kuvuliwa kofia.

Nilipofika sikupata nafasi. Alikuwa na plasta juu ya sikio, amesimama juu ya kiti. Akasema nimekuja saa nzuri, Mama Clémentine yuko sokoni, anahitaji mikono. Tukaliinua turubai mbele ya dirisha, mimi upande huu, yeye upande ule. Mwanga ukapita kwenye matundu yote — wueh! Kama anga. Akanipa chaki. Nikazungushia kila tundu duara, yeye akiniambia kushoto, chini, hapo. Tulifanya hivyo hadi saa nane, kitambaa baada ya kitambaa, na mkono wangu ukakumbuka chaki.

Mwishowe nikasema tu. "Papa Octave, niliona lile wingu dakika kumi kabla sijaja kwako. Niliketi."

Aliendelea kukunja. Nikadhani hakusikia.

"Mimi miliona mbele yako," akasema. "Wakati gari ya bibi harusi inafika, iko tayari kule. Minajua mawingu ya hapa miaka kumi na ine. Lakini mikasema, mwalimu amesema saa tisa. Na mikatazama hema..." Akaonyesha turubai kwa mkono wote. "Militaka watu bakae ndani kidogo tu. Kidogo tu bayione."

Tukatazamana. Watu wazima wawili! Nikacheka kwanza mimi, au yeye, sijui. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye hema.

Mama Clémentine akatukuta hivyo. Akasema Héritière amepiga simu, anasema watu wote mjini wanaizungumza harusi yake, na kwamba hakusikia Sidney alimwahidi nini na sasa anakataa kurudia.

Alhamisi, 18 Desemba

Kila kitu kijani. Siamini ni nchi ile ile ya Julai. Nyasi zinakatwa Jumatatu, Alhamisi zinanigusa mashavu ya miguu. Asubuhi saa kumi na moja na robo jua limeshatoka. Mvua thelathini na nne. Ile ya jana ilianza saa tano asubuhi! Nyingine ya wiki iliyopita ilinyesha siku mbili mfululizo, polepole, mvua ya Meru kabisa, nikapika mukimo kwa kuichangamkia.

Bado naandika saa. Lakini sasa naandika pia upepo umetoka wapi, joto la mchana, rangi ya tumbo la wingu, ndege wamefanya nini. Kurasa zinaisha haraka.

Usajili umetoka! Natakiwa shuleni Januari. Kip amenunua keki. Nimefurahi, na tena nikakaa nje kwenye kiti changu nikawaza: nitawaambia nini hao watoto waliozaliwa chini ya mawingu haya?

Jumatano, 21 Januari 2026

Wiki ya pili shuleni. Joto, wiki nzima bila tone, mahindi ya jirani yamekunja majani. Wanasema katikati ya msimu wa mvua hutokea hivyo, mvua inavuta pumzi.

Jioni, Papa Octave. Jumamosi ana harusi ya watu wa Lubumbashi, huko Soweto, uwanja wazi. Hema ni lile lile, amelitia viraka vyote. Wanataka kujua waanze saa ngapi.

"Sijui," nikasema.

Nikasikia mashine ya Mama Clémentine nyuma yake.

"Muzuri," akasema. "Basi ukuje ukae karibu na kamba."

Jumamosi, 24 Januari

Soweto. Saa saba kasoro dakika tano. Naandikia gotini. Nimepewa kiti cha plastiki kwenye pembe ya kusini-magharibi, nje, mgongo kwa harusi, uso kwa anga. Mama mmoja amenijia akauliza kama nimekosana na watu wa ndani. Nikamwambia hapana, niko kazini.

Hema limejaa, labda mia mbili. Viraka havifanani weupe, jua likipita inaonekana kama ngozi ya twiga mweupe. Wanaimba vizuri mno hawa watu. Ukumbi upo ng'ambo ya barabara, mlango uko wazi, nimeukagua mwenyewe saa nne. Kutembea dakika mbili, na wazee dakika nne.

Wingu lilianza saa sita. Moja tu. Limepanda, likalegea, likapanda. Nyeupe safi bado. Kichwa kina mviringo, hakijatandazika. Upepo mwembamba unaingia shingoni kwangu kutoka mashariki, yaani linaunyonya.

Nzuri jamani. Nzuri, nzuri. Sijawahi kuona bega la wingu lenye kingo kali hivi, kama limekatwa na mkasi.

Papa Octave yuko kamba ya tatu, kiganja juu yake. Hatazami wingu. Ananitazama mimi. Nimemwonyesha mkono: ngoja. Ameitikia kwa kichwa. Ndani mchungaji amewasimamisha maharusi.

Saa saba kamili. Limetulia.

Saa saba na dakika nne. Chini yake, upande wa kushoto, kuna kivuli ambacho hakikuwepo. Bluu. Labda bluu. Upepo umesimama. Papa Octave ameondoa mkono kwenye kamba, anakuja huku, hakimbii, na mimi nimesimama. Safari hii sibishani na wingu.